Mchungaji Aliyeondoka na Ng'ombe Wetu

Siku tulipoanua matanga ya mama, waliokuwepo ni hawa. Baba mkubwa Lushinge, kaka wa baba yetu, aliyetoka Shinyanga na fimbo yake, pamoja na mwanawe Maduhu. Shangazi Kulwa, aliyelala kwetu tangu msiba ulipoanza. Mwenyekiti wa kitongoji. Mzee Elikana, mzee wa kanisa. Mama Jenifa, jirani yetu Mkatoliki mwenyeji wa Ngara, ambaye ndiye aliyepika siku zote zile. Wadogo zangu watatu, Masanja, Limi na Yohana, huyu wa mwisho akiwa bado ananyonya kidole. Mimi Kabula, mkubwa wao. Na Mchungaji na mkewe.

Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja alisimulia alivyoona, na masimulizi yao hayakufanana. Jambo moja tu walikubaliana: Mchungaji alikuja matangani na kamba ndani ya mfuko wa koti.

Baba alikuwa ametangulia, na mama akamfuata kabla mahindi ya msimu mwingine hayajakomaa. Ng'ombe wetu waliishia hospitali, mmoja baada ya mwingine, akabaki jike mmoja mwekundu mwenye baka jeupe pajani. Shule nilikuwa nimeiacha tangu baba alipolala kitandani, kwa hiyo nilipomsikia baba mkubwa akianza kugawa, nilielewa haraka kuliko wadogo zangu.

"Ng'ombe naondoka naye," alisema. "Limi ataenda na shangazi yake. Masanja na huyu mdogo nawachukua mimi, watachunga. Kabula mtu mzima tayari, ataolewa. Nyumba tutatafuta mtu."

Alisema kama anayegawa mbegu za muhogo. Shangazi Kulwa aliangalia chini. Mwenyekiti akakohoa. Ndipo Mchungaji aliposimama.

"Ng'ombe huyu haondoki," alisema. "Marehemu baba yao alimwekea nadhiri."

"Nadhiri gani?"

"Aliyoitamka kitandani, mbele yangu na mbele ya mkewe."

Baba mkubwa si mtu wa kanisa. Kwake Shinyanga yuko ng'ombe wa mizimu ambaye hauzwi, hatolewi mahari, hapigwi hata fimbo, na kila mtu kule anajua kinachompata anayemchukua mnyama wa namna hiyo kwa nguvu. Alimtazama ng'ombe, kisha akamtazama Mchungaji.

"Nadhiri ya Mungu wenu, au ya wazee wetu?"

"Nadhiri ni nadhiri," Mchungaji akajibu.

"Sasa mbona mnakaa kimya siku zote hizi? Mlitaka niondoke na kitu kama hicho niingize kwenye boma langu?" Akarudi nyuma kabisa, kana kwamba ng'ombe angemgusa kwa mkia.

Mchungaji akatoa kamba mfukoni, akamfunga ng'ombe wetu pembe, akaondoka naye. Kesho yake baba mkubwa na Maduhu nao wakaondoka. Nilimsikia akimwambia Shangazi Kulwa mlangoni, "Watoto bila ng'ombe ni midomo tu, nitawalisha nini?" Kwa hiyo tulibaki wanne ndani ya nyumba yetu, hapa kijijini Runazi, na zizi tupu.

Mchungaji huyo nimemjua miaka mingi, na sijui mpaka leo nimweke upande gani.

Jumapili hata Jumapili aliwakemea watu wanaowatengea mizimu ng'ombe. Aliita jambo hilo utumwa. Waumini wetu wengi ni Wasukuma waliohamia kama baba yetu, na kila mmoja alikuwa na mjomba au babu mwenye mnyama wa namna hiyo, kwa hiyo mahubiri hayo yalikuwa yanawachoma. Lakini siku ya matanga aliitumia hofu hiyo hiyo kama mtu anayeazima jembe la jirani. Nilipokua nikamuuliza: je, ni halali? Alinijibu, "Baba yako mkubwa aliogopa mwenyewe. Mimi sikumwambia aogope." Hayo ndiyo yalikuwa majibu yake. Ukiyageuza huoni uongo ndani yake, na ukweli pia huuoni.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo inayotangulia mwili, na alitembea na baiskeli kwa kuisukuma zaidi kuliko kuipanda. Baadaye alipata pikipiki, na hata hiyo aliizima mbali na nyumba ya mtu, akaja kwa miguu. Watu wenye kupika pombe walisema anazima ili awafumanie. Yeye alisema anaokoa mafuta.

Kwetu alikuja wakati wa chakula. Haikuwa mara moja wala mbili. Yohana alipoisikia hodi yake alikuwa anakimbia kufunika sufuria. Mchungaji aliketi akitazama mlango, akauliza, "Mmekula nini?" kisha, kabla hujamjibu, akanyoosha mkono mwenyewe na kufunua. Aliangalia. Akamega tonge moja la ugali wa muhogo, akachovya kwenye maharage, akala, akasema chumvi imezidi au imepungua, akaondoka.

"Anakagua kama mnakula," Mama Jenifa aliniambia.

Mimi niliona anakagua tunachokula, ambalo ni jambo jingine. Mtu aliyechukua ng'ombe wako anataka kujua kama umeanza kumkosa.

Kila asubuhi Mama Mchungaji alituletea maziwa kwenye kidumu. Mwanamke mpole, mwenye kucheka kabla hajasema. Nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, na kila nilipoisema nilihisi kama nimemeza mfupa. Masanja alikuwa akingoja afike mbali ndipo aseme, "Haya jamani, njooni, kanisa limetuletea maziwa yetu." Limi alicheka mpaka akajimwagia. Mimi nilimkaripia Masanja, maana mtoto anayezoea maneno ya namna hiyo huyasema siku moja mbele ya watu, lakini moyoni nilikuwa nimeyasema kabla yake.

Mchungaji alizungumza Kiswahili cha kwao Kirushya, wilayani Ngara, L zikigeuka R. "Wapendwa, tusirare," alituambia madhabahuni, na Mzee Elikana, Msukuma kabisa, akaitikia kwa sauti kutoka benchi la mbele, "Amina, Mchungaji! Tukeshe kwa loho moja!" Sisi vijana tulikuwa tunabana vicheko mpaka machozi yanatoka. Nafikiri wote wawili walijua, na walipenda tucheke, kwa sababu hawakuacha.

Kule kwao Kirushya karibu watu wote ni Wakatoliki. Mama yake mzazi alikuwa anakuja kumtembelea na rozari shingoni, akiisali ndani ya nyumba ya mchungaji wa Kiprotestanti, mlango wazi, kila apitaye amsikie. Na hakuja mikono mitupu. Nyuma ya jiko palikuwa na kibuyu chenye harufu ya pombe ya ndizi, na Mama Mchungaji alituambia ni siki.

"Siki ya kupikia nini?" Mama Jenifa aliuliza, akicheka.

"Ya kupikia mama mkwe," akajibu.

Wiki ile ile Mchungaji alimsimamisha ushirika baba mmoja kwa sababu ya ulevi. Watu walisema, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwamba kibuyu kina upendeleo. Hakujitetea. Baba yule alikuwa anampiga mkewe, na bibi wa Kirushya alikuwa anakunywa kikombe chake na kulala, lakini Mchungaji hakuieleza tofauti hiyo kwa mtu yeyote. Alituacha tuifikirie wenyewe, na wengi wetu hatukuwa na nafasi ya kufikiri.

Limi alipokuwa darasa la saba alitokea mwenye duka akitaka kumwoa. Alikuja kwangu na kanga na sukari, akiniita shemeji. Nilimkatalia. Akaenda kwa Shangazi Kulwa, naye akalegea. Mchungaji alipopata habari aliingia dukani mchana, mbele ya wateja, akasema, "Ndoa hii siitangazi, na ukienda kwa mwingine nitakufuata huko huko. Huyu ni mtoto wa shule." Nilifurahi kwa muda mfupi tu. Kabla ya mvua kwisha mwenye duka yule yule alitoa mabati ya kuezekea ofisi ya kanisa, na Mchungaji akayapokea, akamwombea baraka ndefu.

"Mbona umeyapokea?" nilimuuliza.

"Ofisi inavuja," alisema.

Limi alimaliza shule. Sasa ni muuguzi. Ofisi haivuji. Hayo yote ni kweli, na bado nilipokuwa nikiyatazama mabati yale niliona kama kuna mazungumzo yaliyofanyika nisiyoyasikia.

Lakini niseme kuhusu mavuno, kwa sababu hapo ndipo nilipomwekea macho kweli kweli. Kanisani kwetu Jumapili ya mavuno kila mtu analeta alichojaliwa: mahindi, mikungu ya ndizi, kuku, mihogo, mbuzi. Baada ya ibada vinanadiwa pale nje. Ng'ombe wa nadhiri ni wa mnadani, hilo halina ubishi. Akishauzwa, nadhiri imelipwa, na aliyemnunua anaondoka na mnyama kama mnyama mwingine. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyenadi, mkono mmoja umeshika kuku kwa miguu.

"Kuku huyu anataga mpaka Jumapili! Nani anaongeza? Mzee Elikana, mbona unaangalia viatu?"

Watu wanacheka, wanaongeza. Mimi nilisimama karibu na njia itokayo nyumbani kwake, nikingoja kumwona ng'ombe wetu mwekundu akiletwa. Hakuletwa. Mavuno mengine, hakuletwa. Nikamfuata Mzee Elikana.

"Babu, ng'ombe wa nadhiri mbona haji mnadani?"

"Mjukuu wangu, hata mimi macho yangu yako kwenye njia ile ile."

Wazee walipomuuliza Mchungaji, aliwaambia ananyonyesha. Mwaka mwingine ana mimba. Mwaka mwingine tena ananyonyesha. Wamama wa kwaya walisema ng'ombe huyo amebarikiwa kuliko Sara. Mimi sikucheka. Nilipita nyuma ya nyumba yake nikamwona amelala, amenona, ndama pembeni, nikasema moyoni: huyu si wa Mungu wala si wetu, huyu ni wa mtu.

Alimrudisha mwaka Yohana alipoanza kidato cha kwanza. Nilikuwa nimejenga zizi upya kwa ajili ya mbuzi. Asubuhi moja nikaona shingo yake ndefu inapita kwenye migomba, nyuma yake ng'ombe mwekundu, na nyuma ya ng'ombe mtamba na ndama. Akamfunga kwenye nguzo.

"Hawa hapa."

"Wa nani?"

"Wenu. Zizi umejenga vizuri, ila upande wa mvua ongeza miti."

"Mchungaji, si alikuwa wa nadhiri?"

Alikuwa ameshaanza kutikisa nguzo, moja moja, kuona kama zimeshika. "Huyu anapenda akamuliwe kutoka kushoto," alisema. "Ukimwendea kulia anapiga teke." Kisha akaenda zake.

Kwa miaka ile ng'ombe alikuwa amezaa zaidi ya hao wawili. Madume waliuzwa, alimwambia Masanja, lakini hakusema pesa zilikwenda wapi.

Kanisa lilichemka. Mzee Elikana alikuja kwangu, akakaa, akanywa maziwa, akasema, "Kabula, sikuja kumchukua. Nimekuja kuuliza tu. Siku ile mimi nilikuwepo. Mchungaji alisema kwa kinywa chake ni wa nadhiri. Sasa amewapa ninyi. Ama alidanganya matangani, ama ametoa mali ya kanisa. Mimi nimejaribu kutafuta njia ya tatu, sijaiona."

Nami sikuiona. Baraza la wazee lilimwita. Alikaa mbele yao, wakamuuliza, akawaambia ng'ombe yuko hai na anatunzwa vizuri. Wakamuuliza tena, akanyamaza. Wakamhamishia Keza, wilaya ya Ngara, kanisa dogo lenye waumini wachache, na huko ndiko alikostaafia. Alipoaga hakuhubiri juu ya jambo hilo. Alihubiri juu ya kulipa karo.

Miaka ikaenda. Mtamba akazaa, zizi likajaa kiasi. Mwaka huu Masanja amepata mchumba, binti wa Kisukuma wa hapa hapa Biharamulo, na wazazi wake wanataka ng'ombe, si maneno. Mimi ndiye mzazi, mimi ndiye wa kutoa. Nilipoanza kuchagua nani atoke, mikono ikakataa. Karibu wote ni uzao wa yule mwekundu. Kama ni wa Mungu, nitawatoaje wakamlipie mdogo wangu mke? Na kama si wa Mungu, nitamnyimaje Masanja kwa sababu ya kitu kilichosemwa na mtu nisiyemwamini? Nikapanda gari mpaka Ngara, kisha pikipiki mpaka Keza, kumuuliza.

Nilimkuta ameketi uani anapura maharage kwa fimbo. Nyumba yake ndogo, bati jipya. Nililitazama bati kabla sijamsalimu, na yeye aliniona nikilitazama.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, Mkubwa." Hivyo ndivyo alivyoniita tangu matanga. "Umezeeka."

"Na wewe."

"Mimi nilianza zamani. Karibu. Mama, reta kiti, mgeni wa ng'ombe amekuja."

Mama Mchungaji alileta kiti na chai. Nikawaeleza habari ya Masanja, wakafurahi. Nikasema, "Ng'ombe wanatoka zizini wiki chache zijazo. Nataka kujua kabla hawajatoka. Baba alimwekea yule ng'ombe nadhiri, au hakuweka?"

Akaendelea kupura.

"Mjibu mtoto wa watu," mkewe akasema. "Mimi nimeuliza swali hilo mpaka nimechoka, labda yeye ana bahati."

Ndipo akaweka fimbo chini.

"Aliweka," alisema. "Lakini si kama nilivyowaambia. Baba yako alijua haponi. Alisema hivi: watoto wangu wakikaa pamoja katika nyumba hii mpaka yule mdogo aweze kujitegemea, ng'ombe mwekundu ni wa Mungu. Mama yako alikuwa anakoroga uji. Alisikia."

"Na wewe ukamchukua siku ya matanga."

"Angekwenda Shinyanga, nanyi mngekwenda huko na huko. Nadhiri ingekufa siku hiyo hiyo. Nilimtunza isife."

"Mbona hukumleta mnadani?"

"Ilikuwa haijatimia."

"Mbona ukaturudishia?"

"Kwa sababu nadhiri ni ya kwenu. Mnailipa ninyi, simlipii mimi baba yenu. Ulikuwa umeshajenga zizi."

"Madume je?"

"Karo ya Limi, ya chuo. Ulidhani kanisa ndilo lililotoa?"

Ndivyo nilivyodhani. Ndivyo tulivyoambiwa. Nikanywa chai iliyokuwa imepoa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza. "Miaka yote."

"Ningekuambia, ungewaweka wadogo zako pamoja kwa ajiri ya ng'ombe. Nilitaka uwaweke kwa sababu ni wadogo zako."

"Na baraza? Ungewaambia wazee hivi hivi, wasingekuhamisha."

"Wangekuja kukuambia."

Mkewe alikuwa amesimama na birika mkononi. Alimtazama kama mtu aliyepata jibu lakini hajajua kama ndilo. "Mwanaume wewe," alisema, akaingia ndani.

Njia nzima ya kurudi nililipima jibu lile. Linakaa vizuri kila pembe. Linajibu matanga, linajibu mnada, linajibu zizi. Na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu maisha yangu sijawahi kuona jambo la kweli linalokaa vizuri hivyo. Mashahidi wote wawili wamekufa. Kama alikuwa na neno zuri namna hii, inawezekana alilificha kwa ajili yangu. Inawezekana pia kwamba mbele ya baraza neno lenyewe lilikuwa bado halijatungwa, na Keza kuna ukimya wa kutosha wa kutungia. Limi nimempigia simu. Anasema karo ililetwa na Mama Mchungaji, imefungwa kwenye leso, na yeye hakuuliza imetoka wapi. Leso haina jina la ng'ombe.

Nimewaeleza wadogo zangu. Limi alilia. Yohana, ambaye yuko mwaka wa mwisho chuoni, alisema tumpeleke ng'ombe mara moja. Masanja akasema, "Dada, huyo mzee ametukamata tena. Mara ya kwanza aliondoka naye kwa kamba, sasa anaondoka naye kwa maneno."

"Mahari yako itatoka," nikamwambia. "Tutauza mahindi, tutanunua wengine. Lakini uzao wa yule mwekundu hautoki nje ya zizi hili mpaka nijue."

"Utajuaje?"

Nikaendelea kupukuchua mahindi. Alikasirika, akalala kwa rafiki yake, kisha akarudi kusaidia kupukuchua.

Mwekundu mwenyewe amezeeka, mbavu zinahesabika. Si mnyama wa kumpelekea Mungu, kwa hiyo nimemtenga binti yake mkubwa, yule mtamba wa siku ile, ambaye sasa ni jike kamili na ana maziwa mengi kuliko wote. Yohana akipata kazi, kama mzee alisema kweli, siku ya baba itakuwa imefika. Nitamfunga kamba nimlete mnadani mimi mwenyewe, mbele ya kanisa zima, na nitasema nadhiri ni ya nani na iliwekwa kwa masharti gani. Kama mzee alitunga, nitakuwa nimetoa ng'ombe wangu bora kwa neno la mtu wa Keza. Nimekubali hasara hiyo kuliko ile nyingine.

Yohana bado hajapata kazi. Ng'ombe yuko kwetu, tunamkamua, na baba bado anadaiwa.